Lavender alikaa kimya

Jumamosi, baada ya alasiri, mimi na watoto tisa tulikuwa barazani Langoni, mtaa wa Lamu, tukisoma Matilda, riwaya ya Roald Dahl ya mwaka 1988. Mimi husoma Kiingereza na kuwafasiria papo hapo. Kile kiumbe kinachotumbukizwa kwenye jagi la mwalimu mkuu nilikiita mjusi wa majini. "Kama mjusi kafiri?" wakauliza watoto. Haya, na iwe hivyo.

Nimesomesha fasihi ya watoto miaka mingi, na wasomaji wazima wote humkimbilia Miss Honey, mwalimu wa Matilda. Wana haki. Matilda amejifunza kusoma peke yake kwa magazeti ya nyumbani, baba akamchania kitabu cha maktaba, mwishowe wazazi wanatorokea Hispania naye anabaki kwa mwalimu wake. Nani asiguswe?

Mimi lakini humtazama Lavender, rafiki wa darasani. Huyu amesikia visa vya wanafunzi jasiri, Matilda akiwemo, naye anatamani kuhesabiwa miongoni mwao. Ndipo anapomtia mjusi kwenye jagi. Hakumwambia Matilda. Mwalimu mkuu anapomwona mjusi, lawama zote zinamwangukia Matilda, na Lavender yuko ubavuni pake: roho inamsuta kidogo, ila kukiri hakiri. Matilda anapandwa na hasira ya kusingiziwa, mpaka gilasi ya maji ya mwalimu mkuu inapinduka kwa nguvu za macho yake.

Waandishi wengi wa watoto wangemleta Lavender akilia na kuomba radhi. Dahl hamwadhibu, na hapo ndipo ninapompendea.

Nikauliza: huyu ni rafiki? Baraza likachafuka.

"Mnafiki!"

"Kwani wewe mwalimu, ungekiri mbele ya yule mama mwalimu mkuu?"

Sikujibu. (Nilipokuwa darasa la tano nilivunja kioo, akachapwa mwingine. Hilo sikuwaambia.)

Kuna mvulana aliyehamia mwaka huu kutoka bara. Wenzake humtania kwa kuwa akimwita mtu husema "njoo", pale wao kwa Kiamu wanaposema "ndoo", na mara nyingi hukaa mwisho wa baraza, kimya. Siku ile alisema, "Mimi ningemsamehe. Matilda alikuwa hana mtu wa kukaa naye."

"Kwa hivyo akisingiziwa ni sawa?" binti mmoja akamgeukia.

"Si sawa. Lakini ningemsamehe."

Sikusoma tena ukurasa hata mmoja. Walibishana naye mpaka adhana ya magharibi.