Ruhusa ya kwenda kliniki si likizo

Ruhusa yenye malipo ya kuhudhuria kliniki ya wajawazito ni muda ambao mfanyakazi mjamzito anaondoka kazini kwenda kupimwa, huku mshahara wake ukiendelea kama kawaida. Maana yake haina ugumu. Tatizo ni kwamba sehemu nyingi za kazi huiita likizo, na kosa hilo humgharimu mjamzito siku zake.

Likizo ina akiba: kila siku inayochukuliwa hupunguza zilizobaki. Ruhusa ya kliniki haina akiba ya kupunguza, kwa kuwa saa hizo huhesabiwa kama saa za kazi. Chukua mjamzito anayeondoka saa tatu asubuhi, akapanga foleni, akapimwa uzito, shinikizo la damu na mkojo, akasikilizwa mapigo ya moyo wa mtoto, kisha akarejea kazini saa saba mchana na kukuta ameandikiwa nusu siku ya likizo ya mwaka katika daftari la mahudhurio. Huenda aliyeandika hakuwa na nia mbaya, lakini amemkata mapumziko kwa saa ambazo hakupumzika. Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio yasiyopungua manane, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo; akikatwa nusu siku kila mara, siku nne za likizo zimekwisha kabla hajajifungua. Kumtaka afidie saa hizo mwishoni mwa juma ni kosa lilelile, maana malipo yanayodaiwa tena kwa kazi ya ziada si malipo.

Wengine huiweka kwenye likizo ya ugonjwa, nami naona hilo ni baya zaidi. Mjamzito huenda kliniki hata akiwa mzima, kwa sababu shinikizo la damu linaweza kupanda bila yeye kuhisi lolote, na anayesubiri mpaka augue ndipo aombe ruhusa anaweza kuwa amechelewa. Likizo ya uzazi nayo ni jambo jingine kabisa: Mkataba Namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka isipungue wiki 14, wakati kliniki huanza miezi mingi kabla yake.

Sheria zilizoandikwa vizuri hazichanganyi mambo haya. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1992 kuhusu wafanyakazi wajawazito linatoa ruhusa ya vipimo bila kupoteza mshahara, ikiwa ni lazima vifanyike saa za kazi. Nchini Uingereza muda wa safari ya kwenda kliniki umo ndani ya ruhusa, na mwajiri anaweza kuomba kuona kadi ya kliniki kuanzia hudhurio la pili. Mwenzi wa mjamzito huko anaruhusiwa kumsindikiza mara mbili, ila mwajiri halazimiki kumlipa, na hapo ndipo wengi hudhani kwamba mjamzito mwenyewe pia halipwi.

Basi mjamzito anapoomba kwenda kliniki, msimamizi hana haja ya kumuuliza amebakiwa na siku ngapi za likizo. Amuulize ataondoka saa ngapi, na katika daftari aandike kwamba yuko kazini, kwa ruhusa.