Mto Nile: mikataba ya mkoloni haikufa, wala haikupona

Haya ni madai yanayosikika kuhusu maji ya Nile, na majibu yangu. "Tanganyika, Kenya na Uganda zilikubali mkataba wa 1929." Zilikubali lini? Mkataba huo ni barua zilizobadilishwa Mei 1929 kati ya Uingereza na Misri. Uingereza iliahidi kwamba katika nchi ilizozitawala hakitajengwa kitu cha kupunguza maji yaendayo Misri bila idhini ya Misri. Ethiopia, ambako hutoka sehemu kubwa ya maji yanayofika Aswan, haikuwamo. Mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana mita za ujazo bilioni 55.5 na 18.5, tena bila kuialika.

"Nchi ikipata uhuru hurithi mikataba yote." Dhana hii ndiyo iliyoota mizizi. Desemba 1961 Nyerere aliuarifu Umoja wa Mataifa kuwa mikataba ya pande mbili iliyofungwa na Uingereza kwa niaba ya Tanganyika ingeheshimiwa kwa miaka miwili. Baada ya hapo, isiyokubaliwa upya ingekoma, isipokuwa ile inayodumu kwa sheria ya kimataifa ya desturi. Julai 1962 serikali ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan kuwa makubaliano ya 1929 hayaifungi Tanganyika.

Hata hivyo, mipaka ya mkoloni Nyerere hakuitupa. Azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) la Cairo, 1964, la kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, lilitokana na hoja yake. Watetezi wa 1929 hushika hapo hapo: maji, wasema, yamefungamana na ardhi kama mpaka. Si hoja ya kipuuzi, ila kwangu mimi kuchora mstari ni jambo moja, na kumpa jirani kura ya turufu juu ya maji yako daima dumu ni jingine.

"Ziwa Victoria halichotwi bila ruhusa ya Cairo." Maji ya ziwa hilo yanayochotwa Ihelele, Mwanza, yanafika Kahama na Shinyanga tangu 2009.

"Mkataba wa Entebbe unaipora Misri." Huu ni mkataba wa ushirikiano wa nchi za bonde la Nile, na hauna mgao wa lita hata moja. Unadai matumizi ya haki na tume ya pamoja. Ulifunguliwa kusainiwa 2010, ukaanza kutumika Oktoba 2024 baada ya kuridhiwa na Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Misri na Sudan hazikusaini, kwa hiyo hauzifungi. Ugomvi ulikwama kwenye ibara ya 14(b): zilitaka "matumizi na haki zilizopo" zisiguswe, maneno ambayo yangeirudisha 1929 kupitia dirishani. Kipengele hicho kimewekwa kando kwenye kiambatisho, tume ikiundwa ikitatue ndani ya miezi sita.