Ubuyu: bei inapotelea kwenye kaka

Magunia ya mabuyu mazima yanayoletwa Dar es Salaam kutoka bara hubeba kaka, yaani ganda gumu la nje, zaidi kuliko ubuyu. Katika kilo 100 za mabuyu, kaka ni karibu nusu, mbegu zinachukua sehemu kubwa ya zilizobaki, na unga mweupe anaoutaka mnunuzi ni kilo 15 hadi 20 tu. Nauli ya kaka hukatwa kwenye bei ya mama aliyeyaokota. Ndiyo maana nasisitiza: vunjeni na kutwanga huko huko kijijini.

Chagua buyu lisilo na ufa, lililokauka hadi kikonyo. Lililopasuka limeshaingiza unyevu na wadudu, na moja lenye ukungu huharibu kinu kizima. Ondoa nyuzi, kisha twanga polepole kwa mchi mwepesi. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha wakaumia: mbegu zikivunjika, vipande vyeusi huingia kwenye unga, na mafuta yake huufanya uharibike. Chekecha mara mbili.

Baada ya hapo adui ni hewa yetu ya pwani. Unga wa ubuyu hunyonya unyevu upesi mno, na kiroba cha salfeti hakizuii mvuke. Weka kwenye mfuko mzito wa plastiki uliofungwa, ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana. Ukitaka kuupima, ufinye kiganjani halafu fungua vidole: mzuri humwagika, wenye unyevu hubaki donge na rangi yake huelekea kahawia. Usiuanike juani kuuokoa, maana joto na mwanga hupunguza vitamini C, na hiyo ndiyo inayouza. Umoja wa Ulaya uliruhusu ubuyu kama chakula mwaka 2008, lakini mnunuzi wa huko hapokei unga wenye mchanga au ukungu.

Mbegu msitupe. Zioshe, zikaushe vizuri, ziuze kwa wakamuaji. Mafuta yake hutumika kwa ngozi na nywele.

Kinachonitia hofu ni miche. Mibuyu mikubwa ipo, ila michanga huliwa na mbuzi kabla haijainuka. Kila msimu tengeni mbegu chache, zimwagieni maji ya moto sana, ziacheni humo saa 24, pandeni kwenye viriba vya miche. Mkishahamishia shambani, zungushieni miiba mpaka kilele kipite mdomo wa mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili.