Bajeti ya bahasha: yanayosemwa na yalivyo

"Kipato chenyewe hiki, nipange nini?" Kweli, bajeti haiongezi hata mia. Lakini anayepata kidogo ndiye anayeumia zaidi elfu tano ikipotea njia, na kazi ya bahasha, yaani kutenga pesa ya kila matumizi kwenye bahasha yake, ni hiyo tu: pesa ya kodi ya nyumba isije ikaliwa chipsi.

Dhana: kodi na ada ni dharura. Msiba ni dharura. Kodi ina tarehe, na Januari ya sare na madaftari huja kila mwaka. Dar es Salaam wenye nyumba wengi hutaka miezi sita kwa mkupuo. Chumba cha 70,000 ni 420,000. Tarehe ikifika watu wanakimbilia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Gawa kwa wiki 26: kama 16,200 kila Jumamosi, ndani ya bahasha iliyoandikwa KODI. Ukijijua mkono mwepesi, mpe dada akutunzie.

Dhana: asiye na mshahara hawezi kupanga. Mama lishe anaweza, mradi atoe kwanza mchele, mafuta na mkaa wa kesho. Huo ni mtaji, si kipato. Bodaboda naye atoe hesabu ya bosi na mafuta. Kinachobaki kipangwe kwa kiwango cha wiki ya mvua. Wiki ikiwa nzuri, ziada iende kwenye KODI.

Dhana: lazima iwe 50/30/20. Mgawo huo ulienezwa na profesa wa sheria Elizabeth Warren na binti yake mwaka 2005, wakiwaandikia Wamarekani: nusu mahitaji, 30 matamanio, 20 akiba na madeni. Kwa anayepanda daladala mbili kwenda kazini, chakula na nauli peke yake vinaweza kumaliza hiyo nusu. Ukiweka 5 kwa 100, ni bajeti pia.

Dhana: pesa humalizwa na vitu vikubwa. Nami niliamini hivyo, hadi nilipoandika kila kitu kwenye daftari mwezi mzima. Kilichonishangaza ni "ya kutolea". Nilikuwa namtumia mama kwa simu elfu tano tano, mara nne au tano kwa mwezi, na kila mara makato ya kutuma juu, ya kutolea juu. Sasa natuma mara moja. Mwezi wa kwanza tu akapiga simu: "Mwanangu, mbona umenisahau?"