Askari Aliyekawia Kusimulia Vita

Kila ninapofundisha fasihi ya safari humtengea Mwingereza Patrick Leigh Fermor kipindi kizima, na wanafunzi huniuliza kwa nini mtu aliyemteka jenerali wa Kijerumani hakuandika riwaya ya vita.

Kisa chenyewe ni mashuhuri. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1944, katika kisiwa cha Krete, yeye na mwenzake William Stanley Moss, wakiwa wamevaa sare za polisi wa jeshi la Ujerumani, walilisimamisha gari la Jenerali Heinrich Kreipe, wakalipitisha kwenye vizuizi 22, Leigh Fermor akiwa ameketi mbele na kofia ya jenerali kichwani. Siku chache baadaye, alfajiri, mateka wao aliutazama mlima Ida uliofunikwa na theluji, akanong'ona mstari wa kwanza wa shairi la Kilatini la Horace. Mtekaji wake akaupokea, akaghani beti zilizobaki hadi mwisho.

Leigh Fermor alilisimulia tukio hilo la mlimani katika A Time of Gifts, kitabu cha 1977 kuhusu safari ya miguu aliyoianza Desemba 1933, akiwa na miaka 18, kutoka Uholanzi kwenda Istanbul, na hata humo limepita kwa ufupi tu, anapotaja mashairi aliyoyahifadhi ili kujiliwaza njiani. Kitabu cha utekaji alikiandika Moss, kikatoka 1950. Masimulizi kamili ya Leigh Fermor yalichapishwa 2014, miaka mitatu baada ya kifo chake.

Wapo wanaouita ukimya huo unyenyekevu. Sikubaliani nao, kwa kuwa mtu huyu alipenda mno kusimulia. Nadhani sababu moja ni msiba: mwaka 1943 bunduki yake ilifyatuka kwa bahati mbaya, ikamuua mpiganaji wa Krete aliyekuwa rafiki yake. Nyingine ni namna alivyoandika. Shanta yake iliibwa Munich pamoja na daftari lake la mwanzo, kwa hiyo ile safari ya ujana aliiandika zaidi kwa kumbukumbu, miaka 40 baadaye, na kumbukumbu iliyokaa muda huo wote hufanya kazi jirani sana na ya mtunzi wa riwaya.

Riwaya yake ya pekee, The Violins of Saint-Jacques ya 1953, inahusu kisiwa cha kubuni cha Karibi kinachoangamizwa na volkano usiku wa dansi. Anayesimulia maangamizi hayo ni bibi mzee aliyenusurika, akiwa mbali, kwenye kisiwa cha Ugiriki, baada ya miaka mingi. Na wavuvi wanaopita pale kisiwa kilipozama husema kwamba bado wanasikia fidla zikipigwa chini ya maji.