Je, wajua kwa nini dawa mpya ya miguu kuwaka moto hupimwa kwa kidonge kisicho na dawa?

Mgonjwa wa kisukari anayealikwa kwenye majaribio ya dawa mpya ya mishipa ya fahamu huelezwa jambo la kushtua: huenda akapewa kidonge kisicho na dawa ndani, na si yeye wala daktari wake atakayejua. Wengi huuliza, huo si uonevu? Swali ni la haki, na jibu lake limo kwenye maumivu yenyewe.

Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu pamoja na vijishipa vya damu vinavyoilisha. Mirefu zaidi ndiyo hutangulia kuumia, kwa hiyo shida huanzia vidole vya miguu. Huyu nyayo zinawaka moto, yule anachomwa kama kwa sindano, mwingine ana ganzi tu. Sasa moto huo utaupimaje? Presha ina mashine yake, maumivu hayana. Mtafiti hana budi kumwuliza mgonjwa: kuanzia 0 hadi 10, leo yamefika ngapi? Namba hiyo huandikwa kila siku, mara nyingi kwa wiki 12 hivi.

Tuseme majaribio yanaanza Mbeya mwezi wa Julai, baridi ya Uyole imekaza. Anayejiunga ni yule aliyezidiwa, ambaye hata shuka likimgusa miguu halali. Anaandika 8. Ikifika Oktoba joto limerudi, maumivu ambayo siku zote hupanda na kushuka yameshuka, muuguzi anamjulia hali mara kwa mara, na yeye mwenyewe ana matumaini. Anaandika 5. Ni dawa, ni hali ya hewa, au ni matumaini? Hapo ndipo wanapohitajika wenzake waliopitia Julai ileile na Oktoba ileile wakimeza kidonge kitupu. Wakifika 5 na wao, dawa haijaonyesha kitu. Wakibaki kwenye 7, kuna jambo.

Wala wanaopata nafuu kwa kidonge kitupu hawadanganyi. Mwili unaotarajia nafuu hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu.

Nani apate kipi huamuliwa kwa bahati nasibu. Dawa zake za kisukari mgonjwa haachi, na anaruhusiwa kujitoa wakati wowote. Hapa kwetu Tanzania majaribio hayaanzi bila kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Dawa za duloksetini na pregabalini zilipita njia hii, zikaidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa maumivu haya. Lakini zinatuliza tu, mshipa ulioharibika haziutengenezi, na hili naona halisemwi vya kutosha. Aliyetulia maumivu bado anaweza kuota moto wa jiko la mkaa usiku wa Makambako, akaungua unyayo asijue mpaka aone malengelenge.

Dawa ya kuponya mshipa wenyewe haiwezi kupimwa kwa namba ya maumivu peke yake. Watafiti hukata kipande cha ngozi cha milimita 3 karibu na kifundo cha mguu, wakahesabu nyuzi za fahamu kwa hadubini, kisha wakarudia baadaye. Nyuzi hizo hukua polepole mno, kwa hiyo majaribio ya namna hiyo huweza kuchukua mwaka au zaidi.