Moshi wa bluu asubuhi: yanayosemwa kuhusu sili za valvu

"Moshi wa bluu ni ringi za pistoni, fungua injini yote."

Kwanza angalia unatoka wakati gani. Sili za valvu ni vipete vya mpira vinavyozuia oili kwenye mashina ya valvu. Zikikakamaa, oili hudondokea kwenye silinda usiku kucha. Ukiwasha asubuhi linatoka wingu moja, kisha kimya. Linarudi ukiteremka kilima cha Muyenga, Kampala, bila kukanyaga mafuta, halafu ukakanyaga tena pale chini: mteremkoni injini huvuta kwa nguvu na kunyonya oili kupitia mashina ya valvu za kuingiza hewa. Ringi zilizokwisha hutoa moshi zaidi gari likipanda au likibeba mzigo, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, pumzi inakupiga kiganjani.

Pima kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda. Silinda yenye kipimo cha chini itie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda sana, ni ringi. Sili mbovu peke yake haishushi kompresheni. Namba zikiwa pungufu kuliko za kitabu usishtuke, Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Linganisha silinda kwa silinda.

"Lazima hedi ishuke."

Si lazima kichwa hicho cha injini kishuke. Chukua injini ya 7A ya Toyota Premio za zamani, valvu 16, taiming ya beleti. Weka alama za taiming, toa beleti, kisha kamshafti (shafti zinazofungua valvu). Hapa wengi huharibu: kamshafti moja ina gia pacha yenye springi, ifunge kwa bolti ya milimita 6 kabla ya kuitoa, na legeza vishikizo kidogo kidogo ili kamshafti itoke ikiwa sawa. Ikiinama inaweza kupasua hedi. Kila tapeti (kikombe kati ya kamshafti na valvu) irudi mahali pake, kwa hiyo zipange kwa namba.

Pistoni ikiwa katikati ya njia, ingiza kwenye tundu la plagi kamba laini ya nailoni kama mita moja na nusu, mkia ubaki nje. Katani hapana, huacha nyuzi. Zungusha krenki (shafti inayosukuma pistoni) kwa spana, polepole, mpaka kamba ibane valvu kwa chini. Ziba matundu ya oili kwa vitambaa. Weka soketi juu ya kifuniko cha springi, gonga mara moja kwa nyundo ya mpira ili koleti, vipande vinavyoshikilia springi kwenye shina la valvu, ziachie. Kisha kandamiza springi na uzitoe kwa sumaku. Ni vipande vidogo kuliko punje ya hindi, na kimoja kikitumbukia kwenye injini, kazi ya siku moja inakuwa ya wiki.

Sili ya zamani itoe kwa koleo ukiizungusha. Kabla ya kuvalisha mpya, funika mifereji ya shina kwa plastiki nyembamba na upake oili. Bila hivyo mdomo wa sili unachanika kabla gari halijawaka. Sukuma kwa soketi inayoenea, mpaka uhisi imekaa.

"Sili ni sili, mradi inaingia."

Ukienda soko la vipuri la Kisekka, Kampala, beba ya zamani. Za kuingiza hewa na za ekzosi mara nyingi hutofautiana rangi, na hazibadilishani. Za mpira wa bei rahisi hukakamaa upesi kwa joto.

"Tia oili nzito, itapona."

Moshi utapungua kwa muda. Mpira uliokuwa mgumu haulainiki.

"Sili mpya, moshi umekwisha."

Oili iliyobaki kwenye ekzosi itaungua kwa siku kadhaa, hiyo si kasoro. Kasoro ni kufunga sili mpya juu ya bushi (mrija unaoongoza shina la valvu) iliyolika. Sili ikiwa imetoka, legeza kamba kidogo, valvu ishuke kiasi, uitikise huku ukishika shina lisikuponyoke. Katika injini nyingi za Toyota nafasi kati ya shina na bushi isizidi milimita 0.08 kwa valvu za kuingiza hewa, na 0.10 kwa za ekzosi. Ikicheza waziwazi, hapo ndipo hedi inashuka kweli, iende kwa fundi wa mashine.